Mchezaji aliyezama kwenye kubeti: apelekwe kwa daktari au avunjiwe mkataba?

Wadau wa soka wa Kigoma, mwisho wa reli, habari za jioni. Tangu Mashujaa wapande ligi kuu mwaka 2023 na Uwanja wa Lake Tanganyika uanze kupokea vigogo, vijiwe vya Mwanga na Ujiji haviishiwi mada, na hii ndiyo inayowaka sasa. Mchezaji analipwa mshahara, kisha anazama kwenye pombe, unga au mikeka ya kubeti. Ni mgonjwa huyu, au amejitakia?

Wengi wanasema amejitakia, na hoja yao si nyepesi. Wanasema mvuvi wa Kibirizi anakesha ziwani bila kujua kama atarudi na dagaa, na hajawahi kumwambia mtu kwamba anaumwa. Wanasema mchezaji ni mtu wa nidhamu: anaamka alfajiri, anaambiwa usile hiki na hali, anaambiwa lala saa tatu na analala. Mwili wote huo anaweza kuutawala, ashindwe kidole gumba kinachobonyeza simu?

Msimamo wangu ni huu: uraibu ni ugonjwa, na mwenye nao ana wajibu wa kutibiwa. Klabu inayomvunjia mkataba kabla ya kumfikisha kwa mtaalamu inafanya kosa, hata kama sheria inairuhusu.

Nianze na hiyo nidhamu, kwa sababu ndiyo hoja inayowashawishi watu zaidi. Tony Adams alikuwa nahodha wa Arsenal. Desemba 1990 alifungwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kama ulevi wake ungekuwa uamuzi tu, jela ingetosha kumfanya aamue vingine: jina limechafuka, gazeti kila siku, mlango umefungwa kwa ufunguo. Alitoka akaendelea kunywa kwa miaka mingine zaidi ya mitano, huku akicheza na kuvaa kitambaa cha unahodha. Aliyekuwa anawapanga mabeki wanne kwa sauti moja alishindwa kuipanga jioni yake mwenyewe. Alichokuja kumsaidia mwaka 1996 ni kukiri hadharani kwamba ni mlevi na kuanza vikao vya watu wanaoacha pombe. Msimu wa 1997/98 akaongoza timu ile ile kutwaa ligi na Kombe la FA, na mwaka 2000 akaanzisha kliniki ya wanamichezo, Sporting Chance. Nidhamu alikuwa nayo muda wote. Haikuwa dawa ya tatizo lile.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu kuliko zote. Wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, wengi walitumia heroini kule, na wengine wakawa waraibu kabisa. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi kwao miaka ya 1970, akakuta kwamba sehemu kubwa ya wale waraibu waliacha, tena wengi wao bila tiba yoyote. Mtu akisoma hapo anasema: mnaona? Mgonjwa gani anapona kwa kupanda ndege?

Tuangalie kilichobadilika. Vita viliisha kwao, heroini ya bei chee ikabaki kule, marafiki wa kutumia nao wakatawanyika, wakarudi kwenye familia na kazi. Mazingira yote yaligeuka kwa mpigo. Mchezaji wetu mazingira yake hayageuki hata kidogo. Mazoezi yanaisha saa nne asubuhi, mchana mzima uko mtupu, simu iko mkononi, vifurushi vipo, na chumbani kwenye kambi wenzake wanaunga mkeka. Ligi anayobetia ndiyo kazi yake. Kampuni za kubeti zimekaa kifuani kwenye jezi za vigogo wa ligi yetu kwa miaka. Huyo hajapanda ndege kurudi popote, bado yuko Vietnam.

Na kubeti kuna jambo lake la pekee. Mkeka wa mechi kumi ukachanwa na timu moja haumfundishi mtu kwamba amepoteza. Tafiti za ubongo zimeonyesha kwamba kukosa kwa nukta ndogo huamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda. Kwa hiyo kijana anayesema "nimekosa kwa mechi moja tu" hasemi uongo, ndivyo mwili wake unavyomwambia, na kesho anarudi. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la kamari kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Sioni kwa nini kijiwe chetu kijue kuliko wao.

Wenye mpira wenyewe wameanza kuelewa. Ivan Toney, akiwa Brentford ya Uingereza, alikiri makosa 232 ya kuvunja kanuni za kubeti za wachezaji, na Mei 2023 akafungiwa miezi minane. Tume ingempa kumi na mmoja, ikapunguza mitatu baada ya daktari kuthibitisha kwamba ana uraibu wa kamari. Sandro Tonali, kiungo wa Newcastle, alipewa miezi 18 nchini Italia mwaka huohuo, lakini minane kati ya hiyo iligeuzwa kuwa tiba na mikutano ya kuwaeleza vijana habari zake. Newcastle hawakumtupa. Alirudi Agosti 2024, na Machi 2025 alikuwa uwanjani Wembley walipoifunga Liverpool na kubeba kombe. Hata WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, watu wasio na huruma, tangu 2021 mchezaji akikutwa na kokeini aliyoitumia nje ya mashindano bila kutafuta ubora wa mchezo, adhabu ni miezi mitatu, na inashuka hadi mmoja akimaliza programu ya tiba.

Tazameni kwamba hakuna aliyeachiwa bure. Wote walifungiwa. Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema neno "ugonjwa" ni kichaka cha kujificha, mifano hiyo inawajibu.

Mzee mmoja wa Buzebazeba ameniuliza swali zuri: tukikubali ni ugonjwa, si kila atakayekamatwa ameuza mechi atasema anaumwa? Shikamoo mzee wangu. Hapana, na hapo nasimama na wewe kabisa. Kuuza mechi ni wizi dhidi ya wenzako na dhidi ya sisi tunaolipa kiingilio, na daktari hana la kuufuta. Mgonjwa wa kifua kikuu hatumlaumu kwa kuugua, lakini akitupa dawa mwezi wa pili na kuendelea kukohoa katikati ya watu, tunamkalia kikao. Mraibu naye atibiwe, na akikataa tiba, basi mkataba uvunjwe na mimi sitamtetea.

Dada mwingine kauliza nani atalipa. Kwa unga, serikali ilishaanza siku nyingi: dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Kwa kubeti tiba kuu ni vikao vya ushauri na mtaalamu wa saikolojia, si mashine wala upasuaji. Klabu inayoweza kulipa basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja, inaweza kulipa vikao hivyo. Na anayeweka jina lake kifuani kwa mchezaji achangie. Waingereza wamekwenda mbali zaidi: klabu za ligi yao kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa matangazo ya kubeti mbele ya jezi, mwisho ukiwa msimu wa 2025/26. Hapa sidai kiasi hicho kwa leo, maana najua fedha hizo ndizo zinazolipa mishahara ya hao hao ninaowatetea.

Ninachodai ni kipengele kimoja kwenye mikataba ya ligi yetu: mchezaji akijisalimisha mwenyewe kabla hajakamatwa, apate muda wa tiba na sehemu ya mshahara wake, na siri yake ilindwe. Leo akijisalimisha anapoteza kazi, kwa hiyo anaficha, anakopa kwa wenzake, na anakuwa mawindo rahisi ya wanunua mechi.

Mnaopinga, msinirudie kwenye nidhamu, hilo nimelijibu. Nielezeni jambo moja: mchezaji wa miaka 21 akija kwa kocha leo usiku na kusema "nimeshindwa kuacha", mnataka kocha amwambie nini?