Mjadala: Uyoga wa kiwavi kule Himalaya, upigwe marufuku au wachumaji waachwe?

Habari zenu wadau. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana limenikaa moyoni.

Wanepali wanauita yarsagumba, jina lililotoka kwa Watibeti, maana yake "majani ya kiangazi, mdudu wa kipupwe". Kuvu humwingia kiwavi wa nondo akiwa chini ya udongo, humla kwa ndani hadi abaki ganda, kisha theluji ikiyeyuka huchomoza kichwani mwake kijiti cha kahawia. Huota kwenye baridi kali tu, kama mita 3,000 hadi 5,000 juu ya bahari, huko Tibet, Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India. Waganga wa Tibet na China wanautumia tangu zamani kwa figo, mapafu na nguvu za kiume.

Mwaka 1993 kocha wa riadha wa China, Ma Junren, alidai ndio uliowawezesha wanariadha wake wa kike kuvunja rekodi za dunia. Mwaka 2000 kadhaa kati yao waliachwa kwenye timu ya Olimpiki baada ya vipimo vya damu kutiliwa shaka, lakini soko lilikuwa limeshasikia. Ikafika wakati uyoga wa daraja la juu ukauzwa kwa bei iliyoipita dhahabu, uzito kwa uzito.

Matokeo yake tunayaona wilayani Dolpa, Nepal. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba mchumaji aliyepata wastani wa vipande 260 mwaka 2006 alipata kama 126 tu mwaka 2010. Mwaka 2020 uyoga huu uliingizwa kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, katika daraja la "Vulnerable", yaani spishi inayokabiliwa na hatari ya kutoweka.

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Mwaka 2009, kijijini Nar, wilaya ya Manang, watu saba waliokwenda kuchuma waliuawa kwa kugombania mlima. Siwezi kulipuuza hilo. Hata hivyo nakataa marufuku. Nepal ilikuwa nayo hadi 2001, na uyoga ulivuka mpaka kimyakimya vilevile, faida ikaishia kwa walanguzi.

Ninachokitaka mimi ni milima kufungwa mapema. Mnunuzi hulipa zaidi kiwavi akiwa mgumu na kijiti kikiwa bado kichanga, yaani kabla uyoga haujamwaga mbegu zake. Ukishazimwaga, mwili unakuwa laini na bei inaporomoka. Kwa hiyo wachumaji wanachuma kila kitu kabla hakijazaa! Kijiji kikikubaliana kuteremka wiki chache kabla ya msimu kwisha, kitapoteza ile mizigo ya bei ya chini tu, na iliyobaki itaotesha ya miaka ijayo. Wasimamizi wawe wanakijiji wenyewe, maana ndio wanaojua nani amepanda mlima usiku.

Ugumu uko kwenye hali ya hewa. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha uyoga huu hustawi pale majira ya baridi yanapokuwa makali na ardhi ya jirani ikibaki imeganda mwaka mzima. Sasa baridi hiyo inapungua. Mchumaji anaweza kuacha kuchuma, lakini hawezi kuirudisha theluji, na joto hilo hakulileta yeye. Ndiyo maana naona ni dhulma kumtwisha yeye adhabu yote.

Na msimu wenyewe ni mfupi, kama Mei hadi Julai mwanzoni. Shule za Dolpa hufungwa, kwa sababu watoto wana macho makali na wanatambaa kwenye nyasi pamoja na wazazi wao. Fedha ya wiki hizo ndiyo mchele, ndiyo nguo, ndiyo ada.

Basi anayeunga mkono marufuku anijibu hili: familia hiyo ikizuiwa mwaka huu, ikifika Agosti itauza nini?