Nimeosha gari asubuhi nzima, halafu mtu anakuja kupitisha KIDOLE

Wakuu, vidole vimekunjamana kwa maji na mgongo umegoma kunyooka, kwa hiyo herufi zikipinda mtanisamehe.

Yule jamaa mnamjua. Sina haja ya kumtaja, na sitashangaa akiwa anausoma uzi huu kimyakimya. Leo kavuka mpaka.

Nimeamka kabla ya jua ili maji yasikaukie kwenye bodi yakaacha madoa meupe. Ndoo 2, moja ya povu, nyingine ya kusuuzia dodoki, maana mchanga ukibaki kwenye dodoki unaichana rangi. Nimeanza na paa nikashuka taratibu. Sasa rimu! Lile vumbi jeusi la breki limeng'ang'ania kana kwamba limechomelewa. Unaingiza mswaki wa zamani tundu kwa tundu, umechuchumaa mpaka miguu inakufa ganzi. Mavi ya ndege kwenye boneti nayo hayaparuzwi, unayalowesha kwa kitambaa na kuyasubiri yalainike, kama vile ndiyo wenye gari. Ndani ndiyo usiseme. Chini ya kiti cha nyuma nimekuta makombo ya biskuti yenye umri wa kuanza shule.

Nimemaliza. Linang'aa mpaka ndege wanasimama angani kujitazama. Ndipo akaja. Salamu hakuna. Akainama, akapitisha KIDOLE kule chini ya mlango, akakitazama, akakipuliza, akasema: "Siku ukianza kuosha niite."

UKIANZA!

Mtu ambaye gari lake linaoshwa na mvua! Kidole chenyewe hakijawahi kushika ndoo! Na akakipuliza, wakuu. AKAKIPULIZA. Hivi alikuwa anampulizia nani?

SpanaKumiNaNne: Pole mkuu. Swali dogo tu: vumbi lilikuwepo au halikuwepo?

Mleta mada: Hiyo siyo hoja. Hoja ni kidole.

MamaKufuli: Lilikuwepo 😂😂

GiaYaNyuma: Gari rangi gani?

Mleta mada: Nyeusi.

GiaYaNyuma: Basi ulijitakia. Jeusi ukimaliza kulifuta upande huu, ule mwingine umeshachafuka.

BonetiWazi: Wewe kakuambia mdomoni, shukuru. Mimi aliniandikia NIOSHE kwenye kioo cha nyuma kwa kidole hichohicho. Nikaosha. Kioo kikishika ukungu tu, herufi zinarudi!

SpanaKumiNaNne: Huyo namjua, hata mimi kaniandikia. Tena kakosea herufi.

Mleta mada: Angalau nyie hakuwapulizia.

DodokiLaZamani: Mleta mada, umetumia sabuni gani? Usiniambie ya vyombo.

MamaKufuli: Ya vyombo ina shida gani? Naitumia miaka yote.

DodokiLaZamani: Inaondoa nta yote, rangi inabaki uchi.

MamaKufuli: Nta gani? Langu liliondokewa na nta kabla sijalinunua.

AbiriaMstaafu: Mnajitesa bure. Pelekeni mkaoshewe.

BonetiWazi: Weee! Nilipeleka. Nimerudi kiti kimesogezwa mbele mpaka usukani unanigusa kidevu, vioo vya pembeni vyote vinatazama mbinguni, redio inapiga kelele stesheni nisiyoijua. Na pale chini ya mlango hawakugusa.

GiaYaNyuma: Hao hawana shida. Wangu walilowesha kapeti wakalirudisha bichi, wakafunga vioo. Wiki nzima naendesha nimetoa kichwa nje kwa uvundo.

MamaKufuli: Uvundo wa kapeti usikieni tu kwa jirani! Unaondokaje huo? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

DodokiLaZamani: Litoe lote lianikwe juani, na utazame sponji iliyo chini yake, maji yanajificha humo. Ukipulizia manukato juu ya ubichi unapata uvundo wenye manukato.

AbiriaMstaafu: Rafiki yako keshapulizia, sivyo?

MamaKufuli: Chupa nzima.

Mleta mada: Jamani, KIDOLE. Alikipuliza!

GiaYaNyuma: Mkuu usitutoe kwenye mada, hapa tunazungumzia kapeti. Kidole kifungulie uzi wake.

DodokiLaZamani: Mama Kufuli, bichi ni la mbele au la nyuma? La mbele upande wa abiria, angalia kwanza bomba la maji ya AC, huenda limeziba na linamwagia ndani.

MamaKufuli: La mbele, upande wa abiria. Mungu wangu.