Tupeane uzoefu: mgeni kutoka nyumbani akija Uingereza, mlimtembeza wapi?

Mtoto wa Mwalimu (Reading)

Wakuu salaam. Kiangazi kimeingia, najua wengi humu mna wageni njiani: wazazi, wakwe, mashemeji. Nimeona tupeane uzoefu wa kuwatembeza, maana mimi somo langu nililipata kwa aibu.

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, Korogwe. Aliposema anakuja wiki tatu nikapanga ratiba utadhani ziara ya waziri. Siku ya kwanza kasri la Buckingham kuangalia askari wakibadilishana zamu, saa nane mchana London Eye (tiketi zimeshalipwa, na si bei ya kuchezea), kesho yake Tower of London na mataji ya kifalme. Nikaibandika kwenye friji. Asubuhi mzee anakoroga chai, akaniuliza bila kuniangalia: "Hospitali aliyofia Mwalimu iko mbali?"

Wakuu, sikujua. Nilijifungia chooni na simu nikatafuta. Ni St Thomas', ndiko alikofia Mwalimu Nyerere. Nimepita mbele yake sijui mara ngapi! Ukitoka kwenye Bunge lao ukavuka daraja la Westminster, iko mkono wa kulia. London Eye iko mkono wa kushoto. Yaani wageni wetu wote huwa tunawageuzia kushoto.

Tulishuka kwenye njia ya miguu inayopita kati ya hospitali na mto Thames. Mzee akavua kofia. Akanisimulia tarehe 14 Oktoba 1999 walivyokuwa ofisi ya walimu na redio ya betri, sauti ya Rais Mkapa ikaja, na mwalimu wa zamu akasahau kugonga kengele, watoto wakabaki darasani hawajui kuna nini. Big Ben ilikuwa ng'ambo ya maji, tena inaonekana vizuri kuliko popote. Hakuitazama.

Ukuta wa njia ile umechorwa mioyo myekundu, maelfu kwa maelfu, kila moyo ni mtu mmoja aliyekufa kwa Korona. Walianza kuichora 2021. Akauliza ni nini, nikamweleza. Mwaka 2020 nyumba niliyokuwa nafanyia kazi tulipoteza wazee, na sikuwahi kumwambia kwa simu. Ungeanzia wapi? Pale nikamwambia. Tulikaa kwenye benchi mpaka muda wa London Eye ukapita na tiketi zikaungua.

Askari wa Buckingham tuliwaona wiki iliyofuata. Akasema zile kofia zinawaumiza vijana wa watu shingo. Basi.

Haya, wa kwenu walitaka kuona nini?

Ngosha wa Swindon

Pole na hongera mkuu. Mimi wa kwangu ni mjomba, mtu wa Mwanza, na kosa langu linaitwa Stonehenge.

Nimeendesha gari karibu saa nzima, nimekata tiketi mtandaoni kabla, tumepanda kibasi chao cha kupeleka watu mpaka kwenyewe, upepo unakata masikio. Mjomba akasimama nyuma ya kamba. "Mawe?" Nikamwambia mjomba, haya yana miaka zaidi ya 4,000. "Na ya kwetu yana mingapi?" Nikanyamaza. Mtu amekua anapita Jiwe la Bismarck kila siku, nyumba za Igogo zimekaa juu ya majabali, halafu umtoe kote huko umwonyeshe mawe!

Kilichoniokoa ni maonyesho yao ya ndani. Yale makubwa wastani wake ni tani 25 hivi, yalitolewa kilomita kama 25 kutoka pale. Madogo yalitoka milima ya Preseli kule Wales, zaidi ya kilomita 200. Na 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba lile jiwe lililolala katikati lilitoka kaskazini-mashariki mwa Scotland, kilomita 700 na ushee. Mjomba ni mtu aliyewahi kuvuta mitumbwi, hapo akaamka. Nje wameweka jiwe la mfano juu ya magogo na kamba zake. Akaishika kamba, akaipima kwa macho, akasema hawa watu hawakuvuta bure, lazima kulikuwa na mtu wa kuwalisha. "Walikuwa wanakula nini?"

Swali la maana, na jibu lipo. Karibu na pale panaitwa Durrington Walls, wachimbaji walikuta mifupa ya nguruwe kwa wingi, mabaki ya karamu. Mjomba alicheka mpaka wazungu wakageuka. "Kumbe kitimoto!"

Mpaka leo Mwanza anasimulia hiyo kitimoto. Mawe hayataji.

Mpita Njia

Nimecheka basi zima linaniangalia. Ila wakuu, wa kwangu hajafika hata kwenye kutembezwa. Mama kanyimwa viza mara mbili. Nyie mlipitaje?

Dada wa Milton Keynes

Pole mdogo wangu. Sisi tulinyimwa mara moja, na nikiangalia nyuma tulijiroga wenyewe. Kwanza, tulimwekea mama pesa nyingi kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Mtu wa pensheni ndogo ghafla ana mamilioni, nani atakuelewa? Mara ya pili tuliacha akaunti yake ilivyo, mimi nikaandika wazi kwamba gharama ni zangu, nikaambatanisha mishahara yangu ya miezi sita. Pili, barua yangu ya kwanza ilisema "anakuja kunisaidia mtoto". Ile viza ya matembezi ya miezi sita hairuhusu kazi, na ukionyesha anakuja kulea ili wewe urudi kazini wanaihesabu kazi. Mara ya pili tulieleza anachokiacha nyumbani kinachomrudisha: shamba, kikundi chake cha kuweka na kukopa, wajukuu wengine.

Na mkatie bima ya safari. Mgeni akilazwa hospitali za serikali hapa anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Presha ya mama yangu ilipanda siku ya tatu, acha tu.

Bint Bagamoyo

Shangazi yangu anakaa jirani na misheni ya zamani ya Wakatoliki, pale penye Mnara wa Livingstone. Alipokuja hakutaka kitu kingine: "Nipeleke kwa yule mzungu." Mzungu yupi shangazi, wako wengi. "Yule aliyelala kwetu."

Kaburi la Livingstone limo ndani ya Westminster Abbey, katikati kabisa ya sakafu, watu wanapita pembeni yake wakitafuta wafalme. (Tiketi ni ghali, karibu pauni 30. Ukienda kwa ibada hulipi, lakini huruhusiwi kuzurura.) Shangazi habari hii anaijua kwa moyo: alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi, wasaidizi wake wa safari, na wenzao wakauzika moyo wake kule chini ya mti, mwili wakaukausha wakaubeba miezi na miezi mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Ukapumzishwa pale misheni, kisha ukavushwa Zanzibar na kupakiwa melini.

Nikamtafsiria maandishi ya kwenye jiwe. Yanaanza kwa kusema ameletwa na "mikono aminifu" kuvuka nchi na bahari. Shangazi akangoja. "Endelea." Nikamwambia baada ya hapo ni jina lake yeye Livingstone, na kuzaliwa kwake na kufa kwake. "Mikono haina wenyewe?"

Basi akayataja yeye, kwa sauti ya kuita watu chakula: Chuma! Susi! Mlinzi alikuja, nadhani alifikiri bibi anaomba, akarudi nyuma kwa adabu. Sikumwambia shangazi palepale kwamba mwenzao Jacob Wainwright tu ndiye aliyewahi mazishi ya Aprili 1874, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza, na kwamba Chuma na Susi walipoletwa huku maziko yalikuwa yameshapita. Nilimwambia kwenye treni. Hakuongea mpaka tunashuka.

Mkenya wa Skipton

Hizi story zimenishika. Sisi tuko juu huku, karibu na Yorkshire Dales. Cucu (bibi) wa watoto wangu alitoka Nyeri mwezi wa tano. Nilimpeleka York, kanisa kuu akalisifu kwa adabu, ile mitaa nyembamba ya zamani akauliza kama lori la takataka huwa linaingia.

Lakini tulipofika upande wa Malham akaniambia simamisha gari. Kondoo wamejaa mlima mzima na hakuna mtu. "Mchungaji ako wapi?" Hakuna. "Na wakiibwa?" Akashuka. Akapapasa zile kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti, akauliza zinasimamaje. Akaona kondoo wamepakwa rangi mgongoni, wengine bluu wengine nyekundu, hiyo akaielewa kabla sijafungua mdomo: kila mtu na alama yake.

Mwenye shamba akatokea na pikipiki ya magurudumu manne, mbwa amekaa nyuma. Nikawa mkalimani wa mambo ambayo hata kwa Kiswahili siyajui: kuoza kwato, pacha, kondoo jike anayekataa mtoto. Cucu akauliza bei ya sufu. Yule mzee akasema pesa anayopata kwa sufu haitoshi hata kumlipa mtu wa kuikata. Nikatafsiri. Cucu akanyamaza, akamshika mkono, akasema kwa Kikuyu, "Kama kahawa yetu."

Kila Jumapili akipiga simu ananiuliza yule mzee ameuza kondoo ama bado.

Mjukuu wa Mji Mkongwe

Yangu fupi. Bibi alikuja 2018, alitaka kuona Southsea, pale Portsmouth, alipokuwa akiishi Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar. Mwaka 1963 anashika kiti bibi alikuwa mwari. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 yule bwana alikaa hapo zaidi ya miaka 50, mpaka 2020 aliporuhusiwa kwenda Oman, na ndiko alikofia mwishoni mwa 2024. Hatukwenda kugongea mtu mlango, tulikaa ufukweni tu. Ufukwe wenyewe ni kokoto tupu. Bibi alivua viatu, akajaribu hatua mbili, akavirudisha. "Bahari haina mchanga," akasema. Hakuongeza neno juu ya siasa na mimi sikumuuliza.

Ilikuwa Juni, tulisubiri Magharibi mpaka saa tatu na dakika ishirini usiku. Huo ndio ukawa ugomvi wake na Uingereza.

Mama Pacha (Leicester)

Jamani msisahau tumbo! Mama mkwe wangu, mtu wa Temeke, wiki nzima alikuwa anakula kama ndege. Nikampeleka Belgrave Road kwa Wahindi. Anaangalia menyu, kaona "mogo". Nikamwambia mama, huo ni muhogo. Ukaletwa wa kukaanga, pilipili na ndimu, akasema umekosa mchanga wa Coco Beach tu.

Meza ya pili babu mmoja wa Kihindi akageuka. "Mama natoka Dar?" Kazaliwa Jinja, kaja huku 1972 Amin alipowapa siku 90. Kiswahili chake cha dukani, hakina ngeli hata moja, lakini mtamu huyo! Aliuliza habari za fenesi. Waliongea saa mbili na nusu, mimi nimesahaulika na pacha wangu wamelala kwenye kigari.

Tukapitia pia kanisa kuu, kwenye kaburi la Richard wa Tatu, yule mfalme aliyeuawa vitani 1485, mifupa yake ikakutwa 2012 chini ya maegesho ya magari, wakamzika upya 2015. Mama mkwe alisimama akatikisa kichwa. "Mfalme mzima? Ukoo haukuwa na mtu wa kuonyesha makaburi?"

Mtoto wa Mwalimu (Reading)

Nasoma namsimulia mzee kwenye simu. Anasema bibi wa Bagamoyo apewe salamu zake, na anauliza Ngosha: hao waliovuta mawe walilipwa au ilikuwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya bure?

Ngosha wa Swindon

Mwambie mjomba anasema msaragambo hauna kitimoto.

Kijana wa Coventry

Samahani wakubwa zangu, shikamooni. Mimi mdogo wangu anakuja Agosti na hataki makaburi wala makanisa, anataka Villa Park tu, uwanja wa Aston Villa, aone lango alilofungia Samatta kwenye fainali. Kuna mtu kafanya ziara ya uwanja pale?

Dada wa Milton Keynes

Marahaba. Mume wangu kafanya, angalieni ratiba ya mechi kwanza ndipo mkate tiketi. Ila mwandae mdogo wako mapema: ile fainali na Manchester City, Machi 2020, ilichezwa Wembley.