Tupeane uzoefu: mliotumikia ugenini, mlirudi mkiitazamaje mali?

Mwendabaiskeli, Ngamiani

Ndugu zangu, naanza na yangu ili wengine mpate pa kushikia. Mwaka 2014 nilikuwa miongoni mwa askari wetu waliokuwa mashariki mwa Kongo, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka uliotangulia kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Niseme kweli, niliondoka nyumbani na hesabu ya posho kichwani, na hesabu yote iliishia kwenye gari aina ya Noah.

Barabara ya kutoka Sake kwenda Goma hupita juu ya mawe meusi ya volkano, na huko ndiko nilikoiona chukudu kwa mara ya kwanza: chombo cha mbao cha magurudumu mawili, yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ambacho hupakiwa magunia ya viazi au makaa, kikasukumwa mlimani na kuendeshwa mteremkoni, goti la mwendeshaji likiwa juu ya kipande cha mpira. Kijana mmoja alisimama karibu nasi kukaza gurudumu, tukazungumza, maana Kiswahili chake na changu vilielewana. Nilimuuliza, kwa ujinga wa mgeni, kama hatamani pikipiki. Akanijibu kwamba anaitamani sana, ila chukudu ile ndiyo iliyomlipia mahari, ndiyo inayolisha watu saba, na ikiharibika huitengeneza mwenyewe kwa msumari na nyundo.

Sisemi kwamba umaskini uliwapa furaha. Waliokimbia vijiji vyao walililia mbuzi na sufuria walizoziacha, na walikuwa na haki ya kulia. Ila tangu siku ile kila nikiiwazia Noah yangu nilijikuta najiuliza itamlisha nani.

Niliinunua hata hivyo, msinicheke. Zamani, kwa baiskeli, kutoka Chumbageni hadi kwangu nilisimamishwa mara tano, na kahawa nikainywa barazani kwa watu; ndani ya gari nilikuwa nafika nyumbani mapema, bila habari ya mtu yeyote. Siku hizi gari hutoka kukiwa na mgonjwa au harusi, na asubuhi naendesha baiskeli.

Mzee wa Dunda, Bagamoyo

Vijana, nimewasoma. Mwanangu alitumikia Darfur, na posho yake ndiyo iliyoondoa makuti na kuezeka mabati juu ya kichwa changu. Nimelala miaka mingi nikihamisha kitanda kila masika, kwa hiyo msiniambie kwamba mali si kitu. Ninachokikumbuka kwa uchungu ni kimoja tu: aliporudi, mtoto wake alimwita anko kwa muda wa wiki mbili, naye alikuwa akiitika.

Binti Makorora

Shikamoo mzee, shikamoo kaka. Mimi sikuvaa sare, nilitumika kazi za ndani Muscat kwa miaka mitatu. Nyumba ile ilikuwa na stoo iliyojaa seti za vyombo ambazo hazijawahi kutolewa kwenye maboksi, na kila Alhamisi nilitakiwa kuyafuta maboksi vumbi. Nilikuwa nikiwashangaa wenye nyumba. Niliporudi Tanga, kitu cha kwanza nilichonunua ni seti ya sahani za udongo zenye ukingo wa dhahabu, nikaifungia kabatini, na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Haukupita mwezi, jirani akawa na hitima, wakaja kuazima vyombo kama ilivyo desturi ya mtaa. Nikaanza kutunga uongo kwamba ufunguo umepotea. Mama hakusema neno, aliliangalia tu pindo langu, nami nikaona haya hata mbele ya wageni, nikafungua. Jioni sahani zilirudi zikinuka pilau, moja imemeguka ukingo, na mbili hazikuonekana. Usiku ule niliziosha peke yangu uani, na ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza niliziona ni zangu. Za Muscat nilizifuta miaka mitatu nisijue hata zina maua gani.

Mwendabaiskeli, Ngamiani

Mzee wangu, marahaba ya shikamoo ya dada naiitikia kwa aibu, maneno yako kuhusu mabati yameniingia. Dada, zile mbili zilipatikana?

Binti Makorora

Hazikupatikana, kaka. Ila katika vyombo vilivyorudishwa kwangu limo sinia moja kubwa ambalo si letu, na mpaka leo tunalitumia. Mwenye nalo anitafute.