Naomba ushauri: dodoso la utawala wa wauguzi hapa China limenigomea

Mgeni wa Changsha: Wakuu, nasoma shahada ya uzamili ya uuguzi. Nimechukua dodoso la Robert Hess la mwaka 1998, lenye maswali 86 katika mafungu 6, linalouliza nani huamua mambo ya wodi: uongozi peke yake (1), pande zote sawasawa (3), au wauguzi wenyewe (5). Tafsiri ya Kichina ilirudishwa katika Kiingereza na watu ambao hawakuwahi kuliona dodoso la awali, na wataalamu wakaipitisha. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, kikomo chake 1) ni 0.98, lakini nikichambua majibu, mafungu yote yameungana kuwa moja. Nifute maswali gani?

Mzee wa Takwimu: Alfa ya namna hiyo hainifurahishi. Majibu uliyakusanyaje?

Mgeni wa Changsha: Kwa njia ya kawaida, mtandaoni.

Mama Sindano: Kwetu ratiba ya zamu hubandikwa Ijumaa jioni, muuguzi mfawidhi akiwa ameshapanda daladala. Jibu ni 1, wala halihitaji uzamili. Vijana, jifunzeni kwanza kuwasikiliza wauguzi.

Mzee wa Takwimu: Mtandaoni kupitia kwa nani?

Mgeni wa Changsha: Muuguzi mkuu wa kila wodi alituma kiungo katika kundi la WeChat (programu ya kutumiana ujumbe), na kila aliyemaliza akaweka humo picha ya skrini. Bila yeye hajibu mtu. Msimamizi wangu ameridhika, na rasimu ya makala iko tayari.

Mzee wa Takwimu: Basi umemuuliza mtu kama mkubwa wake humshirikisha, huku mkubwa huyo akihesabu nani amejibu, naye akajaza 3 kuanzia juu hadi chini. Tazama muda wa kujaza, kwa sababu anayemaliza maswali 86 kwa dakika mbili hakuyasoma. Kufuta maswali hakutaliponya hilo. Kusanya upya bila majina na bila picha, kisha kundi moja la wauguzi likusaidie kuchunguza mafungu na kundi jingine kuyathibitisha.

Kijana wa Posta: Huu uzi umetungwa. Mwanafunzi mgeni aliyaonaje yaliyomo katika kundi la wodi? Na ruhusa ya mwenye dodoso iko wapi?

Mgeni wa Changsha: Kundini sikuwamo, nilisimuliwa. Ruhusa nimeomba.

Kijana wa Posta: Umeomba, au umepewa?

Mama Sindano: Mwacheni, hayuko hewani tena.

Mzee wa Takwimu: Hata kama ametunga, anayekusanya majibu kwa njia hiyo asiipeleke makala popote.