Nimeuziwa kaiti ya mita 14 na mtu ambaye hakuniuliza hata kilo zangu

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine mambo vipi. Leo nina hasira, mtanisamehe.

Niko Bagamoyo. Mchezo huu wa kaiti, wa kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa, niliuonja Paje, Zanzibar, siku mbili tu, hela ya kozi ikakata. Nikajipa moyo: bahari iko mlangoni, kusi linapuliza bure, nitafute kaiti yangu nijifunze mdogomdogo. (Utotoni tumerusha sana tiara za mifuko ya rambo, nikadhani najua.) Nikaunganishwa na jamaa wa Dar anayeuza vifaa vya mtumba. Nikamwambia wazi kwamba mimi ni mwanafunzi. Akajibu: "Chukua hii 14 kaka, kubwa imetulia, ndogo ndiyo zina wenge." Nikatuma laki tisa.

Nina kilo 62, wakuu! Hata muuza viatu vya mtumba hukuuliza namba ya mguu.

Hizo mita ni mita za mraba za kitambaa, na kinachoamua ni kilo zako na upepo wa siku hiyo. Mita 14 kwa mtu wa kilo zangu ni ya upepo wa kama kilomita 20 kwa saa. Siku niliyoitoa, mchana wa Julai, kusi lilikuwa linakaribia 40. Na upepo ukiwa mara mbili, mvuto wake unakuwa mara nne. Haya nimeyajua baada ya kuburuzwa.

Maana iliniburuza. Ilininyanyua, ikanibwaga, ikanivuta mchangani hadi karibu na ngalawa zilizopandishwa pwani. Kifyatuo cha dharura, kile cha kuua mvuto wa kaiti, nilikivuta mpaka vidole vikachubuka. Kimeganda chumvi na mchanga, hakifyatuki. Wavuvi wawili ndio walioidaka. Mzee mmoja akanitazama, akasema, "Mwanangu, upepo ukizidi hata sisi tunabadili tanga."

Nikaipiga picha, nikamtumia mtu anayefundisha mchezo huu. Akacheka, kisha akanuna. Kumbe ni zile za zamani zenye umbo la herufi C. Ukisukuma mbele fimbo unayoishikia kaiti, inapunguza mvuto kiduchu tu, na ikidondoka majini mgeni haiinui. Tangu 2005 zimeingia sokoni za umbo la upinde: ukiachia fimbo, karibu mvuto wote unakata, na majini zinanyanyuka kirahisi. Mwanafunzi anatakiwa aanzie huko, au kwanza ashike kikaiti cha mita 2 au 3 akiwa nchi kavu mpaka mikono izoee. Yangu, juu ya yote hayo, tyubu ya mbele, ile inayojazwa upepo, inavuja kwenye valvu. Dakika ishirini imelegea kama chapati.

Nimempigia muuzaji. "Mzigo ukishatoka haurudi." Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza uzito. Kanibloku.

Wa Tanga na Pangani mnaotafuta vifaa, mtu asipokuuliza kilo zako, kata simu. Na kifyatuo kijaribuni kwa mkono wenu, kamba zikiwa zimevutwa, kabla hela haijatoka.

Mwenye 8 au 9 ya miaka ya karibuni aje inboksi, ila nitaikagua mwenyewe. Hii 14 msiniombe, simuuzii mwanafunzi mwenzangu. Jirani anaitaka akaanikie dagaa, nadhani nitampa.