Mahadhi ya "Yeh Dosti" kwa maneno ya Kiswahili: sanaa au wizi?

Mleta mada, Tanga

Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa harusini, mtaa siutaji. Bendi ya taarab ikaanza wimbo, na kinanda kilipogusa noti za mwanzo tu wazee wa meza yangu wote wakageuza shingo. "Sholay hiyo!" Kweli bwana, yalikuwa mahadhi ya "Yeh Dosti Hum Nahin Todenge", ila maneno ya Kiswahili, bibi harusi anasifiwa macho na mwendo. Watu wakainuka kutunza. Wimbo ulipokwisha mwimbaji akashika kipaza sauti: "Huo ni utunzi wangu mpya kabisa." Tonge la pilau likanikwama.

Kwa wasioijua: Sholay ni filamu ya Kihindi, ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, mwongozaji Ramesh Sippy. Muziki ni wa R.D. Burman, maneno ya Anand Bakshi. Anayemwimbia mwigizaji Dharmendra ni Kishore Kumar, anayemwimbia Amitabh Bachchan ni Manna Dey. Vijana wawili watukutu wako juu ya pikipiki yenye kigari cha ubavuni, mmoja kapanda mabegani kwa mwenzake anapuliza kinanda cha mdomo, pikipiki inakwenda. Kuna mahali kigari kinachomoka, kinashika njia yake, kisha kinarudi kujipachika palepale. Wanachokiimba ni kwamba urafiki huu hatutauvunja, pumzi zitakatika lakini sitakuacha.

Msimamo wangu ni huu. Kutia maneno kwenye mahadhi ya watu si wizi, taarab ya mwambao imekula sana kwenye sahani hiyo. Wizi ni kuficha ulikotoa. Na nina dukuduku la pili: wimbo wa watu wawili kauimba peke yake. Mnaoikumbuka picha mnajua, Jai, yaani Amitabh, anapokufa mahadhi yaleyale yanarudi, safari hii Kishore peke yake. Sisi tuliolelewa na imani kwamba stelingi hafi, ile sehemu ilitunyamazisha sebule nzima mbele ya video ya jirani. Sauti moja kwenye wimbo ule ni matanga. Unawaimbiaje maharusi?

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu wa Tanga, hapo kwa kuficha niko nawe. Huku kwetu marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyetutoka 2014, alijulikana kwa mahadhi ya Kihindi na hakuna aliyedanganywa. Raha yenyewe ilikuwa hiyo: wayajua mahadhi, wangoja usikie ametia maneno gani. Na maneno hayakuwa ya kuokota. Mashairi ya Ustadh Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita mwenyewe, yalipita kooni mwake.

Wanaosema ni kazi ya kunakili tu hawajaijaribu. Chukua huo huo mstari wa kwanza uuhesabu mizani. Yeh, do-sti, hum, na-hin, to-den-ge: tisa. Sasa tafsiri neno kwa neno, "urafiki huu hatutauvunja", wapata kumi na mbili. Mizani tatu zamwagika nje, na mpiga tabla hakungoji. Itakubidi uutupe mstari utunge mwingine. Mimi usiku wa jana nimepata "hatuachani mimi nawe". Tisa kamili, na mkazo waangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ulivyo kwenye "todenge". Nimekaa nao saa nzima, na huo ni mstari mmoja, bado kina cha kati na cha mwisho. Niite mwizi basi, lakini mwizi aliyetoka jasho.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wakuu, hisia tuweke pembeni. Jasho la mshairi linampa haki ya maneno yake. Mahadhi bado yana mwenyewe. Burman alifariki Januari 1994. Sheria ya India inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 60 baada ya kifo, maana yake muziki huo umefungwa hadi mwisho wa 2054. Na Tanzania na India zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, kwa hiyo msijifariji kwamba bahari iko katikati.

Mleta mada unasema tatizo ni kutotaja. Hapana. Kumtaja mwenye kuku si ruhusa ya kumchinja kuku. Ukitaka kurekodi na kuuza, unatafuta kibali cha mwenye haki, unakubaliana naye malipo, basi. Harusini watu watakuacha, lakini ukipandisha mtandaoni ule mfumo wa kutambua muziki haujui cha heshima wala udugu, unafunga wimbo au pesa zinakwenda kwa mwenye mali.

Mchangiaji, hakutaja alipo

Mbona Bongo Fleva wakikopa midundo ya Naijeria na Afrika Kusini hamuandiki makala?

Mchangiaji, Unguja

Kaka wa Dar, sheria umeieleza vizuri, ahsante. Lakini umemtaja Burman kama vile yeye alikunywa kisima chake peke yake. Filamu hiyohiyo ina "Mehbooba Mehbooba", kaiimba Burman mwenyewe. Nenda kasikilize "Say You Love Me" ya Demis Roussos halafu uje unambie. Mahadhi yametoka kwa Mgiriki yakafika Bombay. Hao wazee wenu wa meza ya Tanga wakisikia watageuza shingo upande wa pili.

Na Bombay hatukuijua kwa sinema. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, na wenzake walipanda chombo kwenda kurekodi huko mwaka 1928, kabla filamu ya Kihindi haijapata sauti. Njia hiyo imekanyagwa zamani.

Siteti wizi. Nasema tu mkianza kuhesabu nani kamuibia nani, andaeni daftari kubwa. Kuhusu kuimba peke yake mimi sioni tatizo, bibi yangu akiimba nyimbo za watu wawili huku akikuna nazi, sauti zote mbili anazifanya yeye.

Mleta mada, Tanga

Shukrani nyote. Kaka wa Dar, upande wa kurekodi umenishinda, nakubali kwamba kutaja hakutoshi. Upande wa harusi bado nimekaza. Mwimbaji wa ukumbini hana wa kumwomba kibali usiku ule, ana kipaza sauti tu, na kipaza sauti kinatosha kusema "mahadhi ni ya Sholay". Bi wa Unguja, hilo la Mehbooba nimelisikiliza mara nne tangu asubuhi na mke wangu ameshaniuliza nina nini. Ila Burman naye hakusimama na kipaza sauti akasema alikotoa, kwa hiyo namtia kwenye kapu moja na mwimbaji wetu. Wa Mombasa, tumalizie huo ubeti, natafuta kina.

Jingine. Nilipata namba ya yule mwimbaji kwa bwana harusi nikampigia. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kwenye "utunzi wangu" alicheka, akasema alimaanisha maneno, na kwamba wazee wa Tanga nani atawadanganya kwa Sholay. Nikamuuliza mbona aliuimba peke yake. Akasema maneno yale hakuyatunga kwa harusi, aliyabadilisha tu. Ya mwanzo yalikuwa ya sauti mbili, yeye na mwenzake waliyeanza naye bendi. Mwenzake yuko Muscat mwaka wa tatu sasa, anaendesha lori. "Sehemu yake nikifika," akasema, "namwachia mpiga fidla."

Nikakumbuka kwamba kweli, kuna mahali palikuwa na fidla tupu.